Hujapimwa, Umeonyeshwa TV

Wasee, leo nimekuja na hasira na sitaificha.

Kama unaishi Kitengela ama unapita hapa wikendi ukienda Kajiado, umeziona. Tenti nyeupe kando ya barabara ya Namanga, bango limeandikwa PIMA MWILI MZIMA, soo mbili tu. Ndani kuna jamaa wa koti jeupe, meza, hadubini na TV kubwa. Anakudunga kidole, anaweka tone la damu kwa kipande cha kioo, anakitia chini ya hadubini, na kwa TV damu yako inatokea ikiogelea. Mathe mmoja mbele yangu alishika mdomo. "Mama, unaona hivi vitu vyeupe vinavyocheza? Hiyo ni sumu. Unaona venye chembe zimeshikana kama sarafu? Damu yako ina asidi. Na haka kanakojinyonga hapa kwa kona, haka ni kadudu." Dakika nne, stori imeisha. Halafu zinatoka chupa tatu za dawa, na hizo si soo mbili. Ni thao nne na ushee.

Kitu inaniuma ni hii. Hadubini ya huyo jamaa ni ya ukweli. Damu ni ya mathe. Picha pia ni ya ukweli, hajaitoa mtandaoni. Uongo wote uko kwa mdomo wake, na mdomo wake unaingiza doo kwa sababu sisi wote tulimaliza shule bila mtu kutuambia hadubini inaona nini na haioni nini.

Tulifundishwa majina. Mkono, jukwaa, kioo cha kuakisi mwanga, lenzi ya jicho, lenzi ya chini, kile kifundo kikubwa na kile kidogo. Miaka minne ya kuchora na kuandika majina pembeni kwa penseli iliyochongwa vizuri. Shule niliyosoma ilikuwa na hadubini mbili. Moja lenzi yake ilikuwa na ukungu, nyingine ilikaa kabatini na kufuli, inatolewa kama kombe la mpira wageni wakija. Darasa letu lilikuwa na watu hamsini na kitu. Siku tulipoitolewa kila mtu alipata sekunde chache za kuinama. Nilichoona ni kope zangu. Uliza mtu yeyote aliyepitia shule kama yangu, atakuambia aliona kope zake.

Halafu mtihani unakuja. Kuna lile swali la KCSE ambalo kila mtahiniwa analijua: kipenyo cha eneo linaloonekana ni milimita kadhaa, seli kadhaa zimejipanga kutoka ukingo hadi ukingo, tafuta urefu wa seli moja kwa maikromita. Nililifanya nikapata alama zote, na sikuwa nimewahi kuona seli hata moja maishani. Hiyo ndiyo elimu ya hadubini tuliyopewa. Unaweza kufaulu ukiwa kipofu kabisa.

(Na tafadhali, hadubini si darubini. Darubini ni ya kuangalia Mwezi, ama simba wa mbuga ya Nairobi ukiwa huku upande wetu wa mto. Hadubini ni ya vitu vidogo vilivyo karibu. Nimeona hadi walimu wakichanganya.)

Sasa acha nikupe ile sehemu waliruka.

Mwalimu alituambia ukuzaji ni lenzi ya jicho mara lenzi ya chini. Kumi mara arobaini, mia nne. Hesabu safi. Lakini ukuzaji peke yake haukusaidii kitu. Chukua picha ya matatu uliyotumiwa kwa WhatsApp, vuta namba ya gari mpaka ijaze skrini. Imekuwa kubwa, sivyo? Umeisoma? Umepata vumbi tu la rangi. Kitu cha maana ni kama kifaa kinaweza kutenganisha nukta mbili zilizo karibu, ama kinaziona zimekuwa moja. Hapo ndipo hadubini zote zinaachana njia.

Hadubini ya mwanga, ile ya shule na ya hospitali, inatumia mwanga wa kawaida, na mwanga ni mawimbi. Fikiria tairi la lori linapita juu ya ufa mdogo wa lami. Dereva hahisi kitu. Gari la mtoto la kuchezea likipita hapo, linazama na kuruka. Wimbi ni hilo tairi. Ufa ukiwa mdogo sana kuliko tairi, tairi halina habari nao. Mwaka 1873 Mjerumani mmoja, Ernst Abbe, alionyesha kwa hesabu kwamba mwanga una mpaka wake, na mpaka huo uko karibu nanomita 200, yaani maikromita 0.2. Weka lenzi ya bei yoyote, hadubini ya kawaida ya mwanga haivuki hapo.

Sasa weka vitu kwa hiyo rula. Chembe nyekundu ya damu ni maikromita saba ama nane: inaonekana vizuri. Kimelea cha malaria kinakaa ndani ya hiyo chembe: kinaonekana ukijua kazi. Bakteria wa TB ana urefu wa maikromita mbili hadi nne: anaonekana kwa tabu, kama uzi. Kirusi cha Ukimwi ama cha Korona kiko karibu nanomita 100: hapo mwanga wa kawaida umegonga ukuta. Kwa hivyo mtu yeyote wa tenti akikuonyesha "virusi" kwa damu yako kwa hadubini ya mezani, huna haja ya digrii kumjua ni mwongo. Mimi sina digrii na nimemjua.

Turudi kwa vile vitu vyeupe vinavyocheza, juu hapo ndipo pesa za mathe zilipotelea.

Ile hadubini ya tenti inaitwa ya uwanja mweusi. Ya kawaida inamulika kitu kutoka chini na mwanga unapita moja kwa moja hadi jichoni, kwa hivyo kitu kisicho na rangi kinapotea kama plastiki safi ndani ya ndoo ya maji. Ya uwanja mweusi inaziba mwanga wa katikati na kuachilia wa pembeni pekee. Mwanga huo hauingii kwa lenzi mpaka ugonge kitu na kupinda. Nyuma kunakuwa giza, na kila kichembe kinang'aa. Umewahi kukaa nyumba ya mabati yenye tundu la msumari, jua likapenya, ukaona vumbi linaelea kwenye mwale? Ni hiyo tu. Vumbi lilikuwepo kabla ya jua kupenya.

Njia hiyo ina heshima yake hospitalini. Bakteria wa kaswende ni mwembamba mno kuonekana kwa hadubini ya kawaida, lakini kwa uwanja mweusi anaonekana akijizungusha kama skrubu. Wa kipindupindu pia: sampuli ya choo ikiwekwa hapo, unawaona wakipita mbio kama vimondo, halafu maabara inawaotesha ili kuthibitisha. Ule mlipuko wa kipindupindu ulioanza mwishoni mwa 2022 ulifika hadi Kajiado, kwa hivyo sizungumzii mambo ya mbali.

Lakini damu ya mathe? Vile vinametameta mara nyingi ni matone madogo ya mafuta kutoka kwa chakula. Kula chapo mbili na matumbo, kaa masaa kadhaa, halafu uende kwa ile tenti. Damu yako itang'aa kama Nairobi usiku ukiiangalia kutoka vilima vya Ngong. Vinacheza kwa sababu molekuli za majimaji zinavigongagonga. Hata unga wa mkaa ndani ya maji hucheza hivyo, na mkaa hauna uhai. Chembe kushikana kama sarafu hutokea tone likikaa kwa kioo na kuanza kukauka. Kale kadudu ka kwa kona ni uzi wa protini ya kugandisha damu, ama uchafu wa kioo ambacho hakikupanguswa. Na asidi haina umbo, bana. Huwezi kuona asidi kwa TV kama vile huwezi kuona chumvi ya supu kwa kuangalia picha ya supu.

Nilimuuliza yule jamaa amepaka rangi gani hiyo damu, na kale kadudu kana urefu wa maikromita ngapi. Akaniambia nisizuie foleni.

Swali la rangi si la kujifanya. Karibu kazi yote ya maana ya hadubini ya hospitali ni rangi. Ukipimwa malaria kwa hadubini, damu yako inapakwa mara mbili: tone nene, ambapo chembe nyekundu zinapasuliwa ili damu nyingi iangaliwe kwa mkupuo, na utando mwembamba, ambao unaonyesha ni aina gani ya malaria. Inaachwa ikauke. Inapakwa rangi ya Giemsa, ambayo inakaa dakika kumi ama zaidi. Inaoshwa, inakauka tena. Kisha inaangaliwa kwa lenzi ya mia, na tone la mafuta katikati ya lenzi na kioo, kwa sababu mwanga ukitoka kwa kioo na kuingia kwa hewa unapinda na kupotea, na mafuta yanaufanya uone ni kama bado uko ndani ya kioo. Halafu mtaalamu anatakiwa kuangalia angalau maeneo mia moja ya tone nene kabla ya kuandika kwamba hakuna kitu.

Hesabu mwenyewe. Kukausha, kupaka, kuosha, maeneo mia moja. Sasa uniambie ile maabara ya mtaani iliyokurudishia jibu la "hadubini" kwa dakika tano ilifanya nini. Hata kile kipimo cha haraka cha malaria, kile cha plastiki chenye mistari, kinataka dakika kumi na tano au zaidi kulingana na aina. Dakika tano ni za kuchemsha mayai.

Na lile neno "malaria kidogo" linaniua. Kajiado si Busia wala Siaya. Malaria yetu ni ya msimu, na ni chache ukiilinganisha na ukanda wa Ziwa. Lakini kila homa Kitengela ni "malaria kidogo na taifodi kidogo". Wasee, malaria ina hesabu. Alama moja ya kujumlisha ni vimelea kati ya kimoja na kumi kwa maeneo mia moja. Mbili ni kumi na moja hadi mia kwa maeneo hayo mia. Tatu ni kimoja hadi kumi kwa kila eneo. Nne ni zaidi ya kumi kwa kila eneo. Mtu aliyeangalia kweli anaweza kukuambia alihesabu nini. Muulize. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Taifodi ndiyo kichekesho kikubwa zaidi, kwa sababu hadubini haiwezi kukuambia una taifodi. Bakteria wake ni kijiti kidogo, na chini ya hadubini anafanana na vijiti vingine kibao, hata vile vinavyoishi kwa utumbo wako kwa amani. Kile kipimo cha bei nafuu kinachofanywa sana mtaani ni cha Widal: wanachanganya majimaji ya damu yako na dawa na kuangalia kama yanaganda vipande. Kinatafuta kinga za mwili, na kinga zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani ama wa kijidudu kingine kabisa. Kipimo kinachoaminika ni kuotesha damu, na hicho kinachukua siku kadhaa. Lakini nani atasubiri siku kadhaa wakati karatasi ya taifodi inatoka sasa hivi na sindano ziko tayari kwa rafu?

Shangazi yangu alikuwa na taifodi mara tatu kwa miezi miwili. Ndivyo karatasi zilisema, kutoka kliniki ambayo sitaitaja. Alikuwa anakohoa, anatoka jasho usiku, nguo zinamlegea. Hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia ateme makohozi kwa kikopo. Aliishi chumba kimoja na watoto wake wawili. Alipofika hospitali ya serikali walichukua makohozi siku hiyo hiyo. Ilikuwa TB. Watoto walipopimwa, yule mdogo alikuwa nayo pia.

Miezi sita ya dawa, wote wakapona, na TB hutibiwa bure kwa hospitali za umma za Kenya. Lakini nataka uelewe ni kwa nini makohozi yangesema ukweli wiki ya kwanza. Bakteria wa TB ana ngozi ya nta. Kwa njia ya zamani ya Ziehl-Neelsen, anapakwa rangi nyekundu na kuchomwa moto ili rangi ipenye ile nta, halafu kila kitu kinaoshwa kwa asidi na alkoholi. Seli zingine zote zinapoteza rangi. Yeye hapotezi. Kisha mengine yanapakwa buluu, na unabaki na vijiti vyekundu kwa uwanja wa buluu. Robert Koch alitangaza kumwona Machi 24, 1882, na ndiyo maana siku ya TB duniani ni hiyo tarehe.

Njia mpya zaidi ni ya kung'arisha. Makohozi yanapakwa auramini, yanamulikwa kwa mwanga wa buluu, na wale bakteria wanajibu kwa mwanga wao wenyewe wa manjano kijani juu ya giza. Kwa vile wanang'aa, hauhitaji kukuza sana, kwa hivyo unaangalia eneo kubwa kwa muda mfupi na unakosa wachache zaidi. Na taa yake ni LED, inaweza kutumia betri. Ukijua vile stima hupotea huku, unaelewa umuhimu.

Hata hivyo nayo ina mpaka. Ili mtu wa hadubini aone TB, makohozi yanapaswa kuwa na bakteria kama elfu tano hadi elfu kumi kwa kila mililita. Chini ya hapo, slaidi inasema huna na wewe unayo. Mashine ya GeneXpert, ambayo haiangalii umbo kabisa bali inatafuta DNA ya bakteria, inawapata hata wakiwa mia moja na kitu kwa mililita. Ndiyo maana sasa inapendekezwa iwe kipimo cha kwanza. Kwa hivyo mtu akikuambia "tumeangalia kwa hadubini, hakuna TB" na bado unakohoa wiki ya nne, una haki ya kuuliza kama kuna kipimo kingine.

Kabla mtu aseme nachafulia watu wa maabara jina: hapana. Nimeketi na dada mmoja wa maabara akanionyesha rundo la slaidi za siku moja, yeye peke yake, na shingo imekaza. Hao ndio watu ninaowatetea. Wamesoma, wanapimwa, wanafuatwa na bodi yao, KMLTTB, ambayo iliundwa na sheria ya 1999 kusajili wataalamu na kutoa leseni kwa maabara. Jamaa wa tenti ananunua koti tu.

Sasa, wenzangu wa kutengeneza kontenti. Msidhani nimewasahau.

Kuna zile picha mnabandika: uso wa mchwa kama zimwi, utitiri wa kope za binadamu, kirusi cha rangi nyekundu na zambarau, halafu mnaandika "hivi ndivyo ilivyo ndani yako SAHII". Picha hizo zinatoka kwa hadubini ya elektroni. Ernst Ruska na Max Knoll waliijenga ya kwanza Berlin mwaka 1931. Walifikiria kama dereva wa lori: kama tairi ni kubwa, badilisha tairi. Badala ya mwanga walitumia elektroni, ambazo wimbi lake ni fupi kuliko la mwanga zaidi ya mara laki moja, na badala ya lenzi za kioo wakatumia sumaku kuzipinda. Kuna aina inayopitisha elektroni ndani ya kitu kilichokatwa kwa wembamba wa chini ya nanomita 100, na kuna inayopangusa uso wa kitu kwa mwale na kusoma kinachorudi, ndiyo inayotupa ile mchwa ya kutisha.

Bei ya kuona hivyo ni kwamba kitu lazima kiwe kimekufa. Elektroni hazisafiri kwa hewa, kwa hivyo ndani ya mashine hewa imenyonywa yote. Sampuli inakaushwa ama kugandishwa, inapakwa metali, mara nyingi dhahabu. Na picha haina rangi. Elektroni hazina rangi, wasee! Ile nyekundu na zambarau iliwekwa na mtu kwa kompyuta. Hakuna dhambi kupaka, dhambi ni kumwambia mtoto wa miaka kumi na tano kwamba ndani ya mwili wake sasa hivi kuna mipira ya zambarau. Hapo wewe na jamaa wa tenti mnafanya biashara moja, ila wewe unalipwa kwa watazamaji.

Ziko zingine na sitakaa sana. Kuna moja haitumii lenzi yoyote, inapapasa kitu kwa ncha kali kama kipofu anavyosoma kwa vidole, hadi atomu moja moja. Gerd Binnig na Heinrich Rohrer waliitengeneza Zurich 1981, wakagawana Nobeli ya 1986 na Ruska, ambaye alikuwa amengoja zaidi ya miaka hamsini. Na wako waliouzunguka ule ukuta wa Abbe kwa ujanja. Fikiria ploti nzima usiku, kila mtu kwa dirisha na tochi. Zikiwaka zote pamoja unaona ukungu wa mwanga. Zikiwaka chache chache kwa zamu, unaweka alama ya kila dirisha. Molekuli zinaweza kuwashwa hivyo hivyo. Hiyo nayo ilishinda Nobeli, ya kemia, 2014.

Kuna kitu kingine hapa kwetu ambacho hadubini zote hizo haziwezi kukisaidia. Wengi wetu tuliokulia maji ya visima vya Kajiado tuna meno ya kahawia, ama tuna ndugu aliye nayo. Hiyo ni floridi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Weka tone la maji hayo chini ya hadubini bora ya hospitali na utaona maji safi kabisa. Nimesikia muuza maji akisema yake "yamepimwa na hadubini". Yamepimwa nini? Floridi inapimwa na kemia. Kuna vitu vinavyoumiza ambavyo havina umbo, na mtu anayekuuzia picha anategemea usijue hilo.

Ukitaka kuona watu wanaouliza maswali, nenda mnadani. Mfugaji wa Kajiado ng'ombe wake akivimba tezi chini ya sikio, anashuku oltikana, ile homa inayoletwa na kupe. Daktari wa mifugo anavuta majimaji ya tezi kwa sindano, anayapaka Giemsa, anatafuta maumbo ya buluu ndani ya seli nyeupe. Yanaitwa ya Koch, ni yule yule wa TB, aliyekuwa akichunguza ng'ombe Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890. Na mzee atasimama hapo na fimbo yake amuulize daktari: umeona nini, ni wangapi, una uhakika? Kwa ng'ombe tunauliza. Kwa mama yetu tunapokea karatasi na kulipa.

Ndiyo maana nasema hasira yangu kubwa ni ya shule. Gredi ya 7 ya kwanza iliingia 2023, ndani ya shule za msingi, na somo la Sayansi Jumuishi limejaa majaribio, na shule nyingi hizo hazikuwa na maabara hata ya kuchezea. Watoto wanachora tena. Ziwa Magadi liko kaunti hii hii. Ndani ya yale maji ya magadi makali kuna kiumbe kidogo ambacho wanasayansi walikipa jina la ziwa letu, Natrialba magadii, kinaishi mahali ambapo karibu kila kitu kingine kingekufa. Kiko kwa vitabu vya chuo vya dunia nzima. Sijakutana na mwanafunzi mmoja wa Kajiado aliyewahi kukiona, ama hata kuambiwa kipo.

Na msiniambie ni pesa. Kuna hadubini ya karatasi inaitwa Foldscope, Manu Prakash na Jim Cybulski wa Stanford waliichapisha 2014, vifaa vyake vilihesabiwa chini ya dola moja. Lenzi yake ni shanga ndogo ya kioo. Hakuna jipya hapo: Antonie van Leeuwenhoek, muuza nguo wa Delft ambaye hakukanyaga chuo kikuu, alikuwa wa kwanza kuona bakteria kwa lenzi moja ndogo aliyojitengenezea, miaka ya 1670. Wasomi wa London hawakumwamini mpaka Robert Hooke aliporudia jaribio mwaka 1677 akaona vile vile. Hooke mwenyewe alikuwa ameshaandika jinsi ya kutengeneza lenzi: yeyusha uzi wa kioo kwa moto mpaka ncha ijikunje kuwa tone. Na sisi tunaishi huku Kajiado, ambako watalii wanatoka Nairobi kuja kuona kioo kikiyeyushwa na kupulizwa! Kioo tunacho. Moto tunao.

Kila nikisema haya kuna msee anaandika, "wewe uliacha chuo, unatufundisha nini?" Niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa. Kipimo cha dakika tano hakijali nilisoma miaka mingapi.

Kama unataka kuanza leo, tafuta tochi ya leza iliyokufa ama mashine ya DVD iliyotupwa kwa fundi. Ndani kuna kalenzi kadogo kama punje ya dengu. Kaweke juu ya kamera ya simu yako, kashikilie kwa selotepu. Menya kitunguu, chukua ile ngozi nyembamba ya ndani, iweke juu ya kioo chenye mwanga chini yake, sogeza simu karibu, karibu zaidi, karibu hadi inaguse. Utaona seli zimepangwa kama matofali ya ukuta. Ukimaliza hiyo, chukua maji ya chupa ya maua yaliyokaa wiki nzima, weka tone moja, utulize mkono na usubiri kitu kipite. Halafu pima kana urefu gani kabla ya kukapa jina.